Kupanga Dar au kuhamia mkoani: maswali ya kodi ninayoulizwa kila wiki

Nimepanga Dar miaka tisa, kwanza Sinza chumba kimoja afu Tabata chumba na sebule, kazi ikanipeleka Dodoma miaka mitatu na sasa nipo Morogoro. Kwahiyo ndugu, rafiki na rafiki wa rafiki akianza habari ya kuhama simu inakuja kwangu, na maswali ni yale yale, nimeona niyaweke pamoja. Bei ninazotaja ni zile nilizolipa mwenyewe au nilizotajiwa na madalali nikiwa natafuta, mtaani kwako unaweza kukuta tofauti.

Hivi ni kweli mikoani kodi iko chini kuliko Dar?

Kwa nyumba zinazofanana, ukihamia mji wa kati kama Morogoro, mara nyingi ndio. Tabata nilikuwa nalipa 250,000 kwa mwezi, chumba master (chenye choo na bafu ndani), sebule na jiko, ndani ya fensi moja na wapangaji wengine watano. Hapa Kihonda Morogoro nyumba ya aina ile ile, tena na kauwanja ka kuanikia nguo, nalipa 150,000.

Ila ukiniuliza tu "Dar na Moro wapi rahisi" siwezi kukujibu mpaka uniambie mtaa. Dar ilikuwa na watu milioni 5.38 kwenye sensa ya 2022, humo ndani kuna mitaa ya wenye hela kama Masaki na Mikocheni, na kuna ya kawaida kama Mbagala na Chanika. Mtu aliyezoea chumba cha 50,000 Gongo la Mboto, choo cha nje cha kushea, akienda Dodoma akataka kukaa Area D atalia, na hapo amehama kutoka jiji kubwa kwenda dogo. Linganisha mtaa na mtaa, halafu aina ya nyumba na aina hiyo hiyo. Wengi wanalinganisha chumba single cha Moro na apatimenti ya Sinza wanasema mkoani bure kabisa, hiyo sio hesabu.

Unaposema mji wa kati unamaanisha upi, mbona Mwanza na Arusha ni majiji?

Kwa karatasi Tanzania bara ina majiji sita, Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma, afu Morogoro, Iringa, Moshi na wengine ni manispaa. Kwa soko la nyumba hayo majina hayakusaidii sana. Tanga ni jiji lakini kodi zake zinafanana na za manispaa, Arusha ni jiji na kuna mitaa bei zake zinagombana na za Dar. Mi naita mji wa kati ule ambao unaweza kutoka nyumbani saa moja asubuhi na saa moja na nusu uko kazini bila kupigana mlangoni kwa daladala.

Dodoma mbona ghali, si ni mkoani?

Dodoma ilibadilika haraka. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza serikali inahamia huko, wizara zikaanza kushuka moja moja na watumishi na familia zao, 2018 ikawa jiji. Watu walifika kabla ya nyumba. Nilipofika mimi nyumba za vyumba viwili Kisasa na Ilazo zilikuwa zinatajwa 300,000 na zaidi, na dalali anakuambia ukilala tu imeshachukuliwa, na kweli nililala nikaikosa.

Sasa zimejengwa nyingi, Nzuguni, Nkuhungu, Swaswa, Iyumbu kule shirika la nyumba lilikojenga, kwahiyo kuna pumzi. Kama ofisi yako iko mji wa serikali Mtumba usikimbilie kupanga katikati ya mji kwa sababu tu unapajua, tafuta upande wa Ihumwa au Nzuguni, kutoka mjini hadi Mtumba ni mwendo na nauli ya kila siku itakula ulichodhani umeokoa. Na kama unaenda kutafuta nyumba kati ya Aprili na Juni, kipindi cha bunge la bajeti, jipange na malazi mapema, gesti zinajaa na bei inapanda, unaweza kutumia hela ya kodi ya mwezi kwa kulala tu huku unatafuta.

Nikilinganisha nihesabu nini zaidi ya kodi yenyewe?

Hili ndilo swali lenyewe, ningependa watu waanze nalo. Chukua karatasi uandike kodi, nauli ya kwenda kazini na kurudi, maji, umeme, na hela ya kwenda kuona familia kama unaiacha. Afu chini kabisa andika kipato chako cha huku na cha kule. Kinachobaki ndio unalinganisha.

Nikupe yangu. Tabata nilikuwa nakaa ndani ndani, kutoka nyumbani hadi barabarani boda 1,000, afu daladala nihesabu 600 (nauli iliyowekwa Desemba 2023 kwa njia isiyozidi kilomita 10). Kwenda na kurudi 3,200, kwa siku 26 za kazi ni 83,200. Jumlisha kodi 250,000 unapata 333,200 kabla sijanywa maji. Morogoro nauli yangu ni 1,200 kwa siku, 31,200 kwa mwezi, na kodi 150,000, jumla 181,200. Tofauti 152,000 kila mwezi, na hapo sijahesabu masaa matatu ya foleni ambayo sasa nakula na wanangu.

Lakini subiri. Kama mshahara wangu ungeshuka laki mbili kwa kuhama ningekuwa nimepata hasara ya 48,000 huku najisifu nimepata nyumba ya bei rahisi. Mi nilihama na mshahara ule ule, ndio maana imenilipa. Rafiki yangu mmoja fundi wa aluminiamu alihama kwa hesabu ya kodi peke yake, akafika Iringa akakuta kazi alizokuwa anapata mbili kwa wiki Dar anapata mbili kwa mwezi, baada ya miezi sita kodi ilipoisha akarudi. Mtu wa biashara, fundi, mtu wa mteja wa kupita, ahesabu wateja kwanza kabla ya vyumba.

Umeme je, si bei ni moja nchi nzima?

Bei ni moja, ila nyumba unayopanga ndio inaamua utalipa ipi. Matumizi madogo, yale yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi za serikali na tozo. Tarifu ya kawaida ni 292. Ukiweka 5,000 kwenye ile ndogo unapata kama uniti 40, kwenye ya kawaida unapata kama 14.

Sasa fikiria nyumba yangu ya Tabata, wapangaji sita LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla). Uniti 75 tunazimaliza siku chache, kwahiyo nyumba nzima iko tarifu ya kawaida. Kulikuwa na daftari la kava gumu limening'inizwa kwa kamba karibu na mita, kila mtu jina lake na alichochangia. Dada wa chumba cha mwisho alikuwa na taa moja na simu ya kuchaji, anachanga 5,000 sawa na jirani mwenye friji, pasi na jiko la umeme. Kila Jumapili ugomvi. Huyo dada angekuwa na LUKU yake angelipa theluthi ya bei kwa uniti, yaani alikuwa anaumia mara mbili.

Kwahiyo ukiwa unaangalia nyumba uliza "LUKU ya kujitegemea?" kabla hata ya kuangalia tailizi. Ikiwa ni ya pamoja uliza kama kuna sabmita, mita ndogo inayoonesha kila mpangaji katumia kiasi gani. Nyumba nilizoona Moro na Dodoma zilizojengwa miaka ya karibuni nyingi zilikuwa na mita kila mpangaji, lakini usidhani, uliza.

Mbona kwenye LUKU nakatwa kodi ya jengo wakati mi mpangaji?

Ni kodi ya majengo, inakusanywa kwa LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500, na ghorofa ni zaidi. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, wewe unaitanguliza tu kwa kuwa wewe ndio unanunua umeme. Kwa mwaka ni 18,000. Ongea naye mapema iandikwe kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi ya pango, wengi wanakubali ukiomba kwa adabu kabla ya kusaini, ukishalipa miezi sita hakuna anayekusikiliza.

Na maji?

Maji ndio gharama ambayo watu wa Dar wanaisahau wakihama na watu wa mkoani wanaisahau wakija Dar. Dar kuna mitaa ya Mbezi na Kigamboni unakuta kisima maji yana chumvi, unafulia na kuogea lakini ya kunywa unanunua madumu, hesabu idadi ya madumu kwa wiki.

Dodoma ni mji mkavu na maji ni ya mgao. Nyumba yangu ya kwanza kule, Nkuhungu, maji yalikuwa yanakuja mara mbili kwa wiki usiku. Nilijifunza kulala na bomba la nje nimeliacha wazi juu ya ndoo ya bati tupu, yakija kelele ya ile bati inaniamsha, nainuka na tochi najaza mapipa mawili na kila sufuria ya jikoni, saa tisa usiku, asubuhi naenda kazini macho mekundu. Nyumba ya jirani yenye simtenki ya lita 2,000 ilikuwa 40,000 zaidi kwa mwezi na mi niliona nimeshinda kwa kuchukua ya bei ya chini. Mkataba ulipoisha nilihamia yenye tenki na sikujuta hata siku moja. Kwa Dodoma tenki ni sehemu ya nyumba kama paa lilivyo.

Kwanini natakiwa kulipa miezi sita, mkoani nako ni hivyo hivyo?

Karibu kila mahali ni hivyo, miezi sita na wengine mwaka mzima, hasa Dar. Zamani kulikuwa na sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005, tangu hapo ni makubaliano yako na mwenye nyumba.

Hapa ndipo mji wa kati unasaidia kweli kuliko hata kwenye kodi ya mwezi. Tabata kuingia kulinigharimu 250,000 mara sita, 1,500,000, na ya dalali mwezi mmoja 250,000, jumla 1,750,000 taslimu siku moja. Kihonda ilikuwa 900,000 na dalali 150,000, jumla 1,050,000. Kijana anayeanza kazi, laki saba za tofauti ni kitanda, godoro, jiko la gesi na mtungi wake na bado kuna akiba. Na mkoani nimeona wenye nyumba wanakubali miezi mitatu, hasa kama nyumba imekaa wazi muda na wanaishi hapo hapo wanakuona ni mtu wa heshima. Nenda na mwenzio au mzazi, msalimie mama mwenye nyumba vizuri, kaa chini muongee. Shikamoo moja nzuri imewahi kunipunguzia miezi mitatu.

Dalali ana ulazima?

Dar nyumba kuipata bila dalali ni bahati. Malipo yaliyozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja, na wengi wanadai hela ya kuzungushwa kabla hata hujaipenda nyumba. Sinza kuna aliyenizungusha siku mbili, nikalipa hela ya kuoneshwa mara tatu, nyumba zote zilikuwa zimeshapangishwa na yeye alikuwa anajua. Iliniuma sana, ilikuwa hela ya chakula.

Mikoani bado unaweza kupata nyumba kwa kuuliza dukani kwa mangi, kwa fundi cherehani, kwa bodaboda wa kijiwe, msikitini au kanisani baada ya ibada. Nyumba ya Kihonda nilioneshwa na muuza genge, ila mwenye nyumba alikuwa ameshampa dalali kazi kwa hiyo nikalipa tu. Usilipe kodi kabla hujaonana na mwenye nyumba uso kwa uso, na pitia ofisi ya serikali ya mtaa uulize hiyo nyumba ni ya nani. Ni mwendo wa dakika kumi na umeokoa wengi.

Naweza kukaa Morogoro nikafanya kazi Dar kwa kutumia SGR?

Tangu treni ianze Juni 2024 hili naulizwa kuliko yote. Safari ni chini ya saa mbili, nauli iliyoanza nayo daraja la kawaida ni 13,000. Kwenda na kurudi 26,000. Ukienda kila siku siku 22 ni 572,000, kwa hela hiyo unapanga nyumba nzuri Dar na chenji inabaki. Kila siku haiwezekani kwa mshahara wa kawaida.

Inawezekana kwa mtu anayekwenda ofisini siku moja kwa wiki. Mara nne kwa mwezi ni 104,000, kwenye ile tofauti yangu ya 152,000 unabakiwa na 48,000 bila hesabu ya boda za kwenda stesheni. Kwahiyo inalipa kidogo, na kama una watoto na unataka wakue sehemu yenye nafasi inalipa zaidi. Siku mbili kwa wiki tayari umepitiliza. Dodoma nauli ilianza 31,000, huko usiwaze kabisa, hiyo treni ni ya kwenda kusalimia.

Arusha wananitajia bei kwa dola, nifanye nini?

Arusha ina utalii, ina makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na mashirika ya nje, kwahiyo Njiro na mitaa kama hiyo wenye nyumba walizoea dola kama wenzao wa Masaki na Oysterbay. Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi. Mwambie akutajie shilingi na mkataba uandikwe shilingi. Kama kipato chako ni shilingi kodi ya dola inapanda hata kama mwenye nyumba hajaongeza senti. Bei za kawaida za Arusha utazipata ukitoka, Sakina, Ngaramtoni, Moshono, kwa Mrombo.

Mwanza, Mbeya, Tanga na Iringa?

Hizi sijakaa, nimelala tu kwa ndugu na kuulizia, kwahiyo kwa kifupi. Mwanza uliza nyumba iko mlimani au tambarare. Za juu ya mawe kodi iko chini na unaliona ziwa lote, ila unapanda ngazi za mawe na mtungi wa gesi mgongoni na boda hafiki mlangoni. Mbeya nyumba ni nafuu, weka hela ya mablanketi na ya mkaa au gesi, Juni na Julai baridi ni kali na maji ya kuoga lazima yachemshwe. Tanga kwa macho yangu ndio mji ambao mtu mwenye kipato cha kudumu anapata nyumba kubwa kwa hela ndogo. Iringa inategemea uko karibu na chuo au mbali.

Vyuo vinaathiri vipi?

Sana. Dodoma kuna UDOM, Moro kuna SUA na Mzumbe, Mwanza kuna SAUT, Mbeya kuna MUST. Chuo kikifunguliwa, Oktoba na Novemba, vyumba single na master vya karibu vinapanda na vinaisha. Ukiweza hama wakati wanafunzi wamefunga, Agosti mwenye nyumba anaongea kwa upole.

Kenya nako wanalipa miezi sita?

Hapana, na ndugu zetu wa Nairobi wakihamia Dar hili linawashtua. Kule mazoea ni kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, afu unalipa kila mwezi, na kuna keateka anayesimamia jengo. Kwahiyo Mkenya anayelinganisha bedsita (chumba kimoja cha kulala na kupikia) ya Nairobi na chumba master cha Dar asiangalie bei ya mwezi tu, aje na mfuko wa kuingilia.

Nahamisha vipi vyombo bila kumaliza akiba?

Usikodi gari kutoka Dar kwenda mkoani kwa safari kamili, utalipia na kurudi kwake. Nenda masoko yanayopokea mazao, Mabibo au Ilala, ongea na madereva wa Fuso walioshusha nyanya, vitunguu, ndizi. Wanarudi tupu na wanafurahi kupata mzigo. Mi vyombo vyangu vya Dodoma vilipanda gari lililoleta vitunguu, godoro lilinuka wiki nzima lakini bei ilikuwa chini ya nusu ya niliyotajiwa kwanza. Funga godoro na nailoni.

Mwenye nyumba akipandisha kodi katikati?

Kama mkataba unasema kiasi na muda, muda huo ukiisha ndio anapandisha, kabla ya hapo muoneshe karatasi. Kama mlikubaliana kwa mdomo huna pa kushika. Dar nilipandishiwa kutoka 200,000 hadi 250,000 kwa ujumbe wa simu wiki mbili kabla ya kodi kuisha, na nikalipa kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Tangu hapo naandikisha kila mkataba serikali ya mtaa, na naweka kipengele cha taarifa ya miezi mitatu kabla ya bei mpya.

Nimepewa uhamisho, natakiwa kuripoti wiki mbili zijazo, nianzie wapi?

Usipange ukiwa mbali kwa picha za simu. Tafuta wa kukupokea hata wiki moja, au chukua gesti ya bei ndogo, afu tembea mitaa mitatu kwa miguu jioni ukitoka kazini. Angalia watu wanachota maji wapi, daladala ya mwisho inapita saa ngapi, mvua ikinyesha barabara inapitika. Ongea na mpangaji anayehama sio anayehamia. Ukipata unayoitaka lipa miezi mitatu akikubali, kaa kwanza uone, familia ije baada ya hapo.